Kutumwa na Kukabidhiwa

Najua Jumamosi kama leo katika nyumba zetu ni siku ya kufua, na kwamba kwa kila aliyekaa hapa yupo mtu nyumbani ameinamia beseni kwa niaba yake. Naomba tumkumbuke mtu huyo, maana nitarudi kwake baadaye.

Nimefundisha shule za msingi miaka 31, mingi yake mkoani Tanga. Leo nataka kuanza na karatasi ambayo wengi wenu mmewahi kuishika: fomu ya kujiunga na kidato cha kwanza katika shule ya bweni. Ndani yake mna orodha ya vitu vya kwenda navyo. Godoro, shuka, chandarua, ndoo, jembe, fyekeo, ufagio wa chelewa, na mara nyingine skwiza ya kukaushia sakafu. Mzazi huzunguka madukani siku mbili akivitafuta. Siku ya safari jembe limefungwa kwa gazeti, mpini haujaguswa na jasho la mtu, na ndoo imejazwa karanga na biskuti. Nimesindikiza watoto wengi stendi, na kila nikitazama mzigo ule hujiuliza ni kitu kipi humo mtoto huyu amewahi kukitumia kabla ya leo.

Mwaka mmoja nilikwenda kumwona mtoto wa kaka yangu bwenini, wiki ya tatu tangu aripoti. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za bweni amevaa shati la shule lililogeuka rangi, si jeupe tena wala si kijani kamili. Alikuwa ameliloweka usiku kucha pamoja na suruali mpya ya michezo. "Shikamoo shangazi," akasema, kisha akatazama chini. "Sikujua kama rangi inatoka." Mtoto huyu alikuwa wa kwanza katika darasa lake la saba. Na mimi, kwa kuwa ni mwalimu, nilijua jambo moja lililonichoma zaidi ya shati lenyewe: katika somo la Stadi za Kazi alikwishaulizwa hatua za kufua nguo, akaandika kwamba hatua ya kwanza ni kuchambua nguo nyeupe na za rangi. Akapewa vema. Alikuwa na jibu tangu darasa la tano, ila beseni hakuwahi kupewa.

Mtaniambia watoto wetu wanafanya kazi sana tu. Ni kweli. Simama katika uwanja wa nyumba yoyote jioni utasikia: niletee kisu, kimbia dukani kachukue chumvi, mshike mdogo wako, anua nguo mvua inakuja, hebu nitazamie maharage yasiungue. Mtoto hukimbia toka alasiri hadi usiku. Lakini sikilizeni vizuri ni nani anayefikiri pale. Aliyeona wingu ni mama, na aliyekumbuka kwamba chumvi imekwisha ni mama. Mama ndiye aliyenusa maharage. Mtoto ameazimwa miguu tu. Lugha yetu ina neno lake kwa hali hiyo, tunasema mtoto ametumwa. Kutumwa kunafundisha utii, na utii ni jambo jema. Nimelelewa hivyo nami sijutii. Ila mtoto aliyetumwa miaka 14 mfululizo, siku atakapokuwa mahali ambapo hayupo wa kumtuma, atasimama tu.

Tuna neno lingine, nalo ni kukabidhi. Ukimkabidhi mtu kitu umempa pamoja na wasiwasi wake. Anaposhika funguo za ghala, usiku ni yeye anayekumbuka kama mlango umefungwa. Hoja yangu yote leo imo katika tofauti ya maneno haya mawili. Kazi za nyumbani zinamfundisha mtoto kujitegemea pale tu anapokabidhiwa kazi nzima, kuanzia kuona kwamba inahitajika, kuipangia wakati wake, kuimaliza, hadi kubeba aibu ikishindikana. Tukiikata vipande tukampa kipande cha miguu peke yake, tumejipatia msaidizi, lakini mtoto hatujamfundisha.

Niwape mfano wa nyumbani kwetu, nami nitauchukulia muda.

Mtaani kwetu maji hutoka kwa mgao, mara nyingi alfajiri. Binti yangu alikuwa kila usiku akimwambia mwanawe, wakati huo ana miaka 11, "Usisahau kukinga maji." Alfajiri anamwamsha tena. Mtoto anakwenda akisinzia, anajaza ndoo zile alizooneshwa, anarudi kulala. Asipoambiwa, hafanyi. Nikamwambia binti yangu, hii kazi ni yako bado, unaifanyia kwenye mwili wa mtoto. Tukaketi naye tukamkabidhi. Pipa la lita 200, ndoo nne, madumu mawili ya akiba. Tukamwonesha jinsi ya kusugua pipa kwa mchanga na majani ya mpapai kama nilivyofunzwa mimi. Tukakubaliana kwamba kuanzia siku hiyo hakuna wa kumkumbusha. Binti yangu hakulipenda jambo hili, alilikubali kwa heshima yangu tu.

Wiki ya kwanza ilikwenda. Wiki ya pili, Alhamisi, mtoto alipitiwa na usingizi. Maji yalitoka saa kumi, yakakatika kabla ya saa kumi na mbili. Asubuhi nikasikia kikombe kikikwangua chini ya pipa. Binti yangu akachukua simu ampigie muuza maji wa mkokoteni. Nikamshika mkono nikamwambia, mwache. Tukagawana dumu la akiba. Baba mtu alinawa uso akaenda kazini. Mdogo wake wa kike alikwenda shule amepanguswa kwa kitambaa. Vyombo vya usiku vilibaki karoni na ukoko wake hadi jioni, nzi wakavizunguka. Hakuna aliyemgombeza. Nilikuwa nimeomba hivyo, na katika jambo zima hilo ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, kwa sababu ulimi wa mzazi unawasha. Mtoto alikuwa akitazama nyuso zetu moja moja, akisubiri. Alipoona hakuna anayesema, alibeba mkoba wake akatoka bila kunywa chai.

Siku kama nne baadaye niliamka usiku kwenda uani. Chini ya bomba nikakuta ndoo, na ndani ya ndoo kuna sufuria ndogo ya bati imefunikwa kifudifudi, na bomba limefunguliwa wazi. Nikadhani ni uzembe, nikataka kulifunga. Asubuhi nikamuuliza. "Bibi," akasema, "maji yakikaribia bomba linakoroma kwanza. Halafu linatema hewa. Halafu matone. Matone yakigonga sufuria, mimi nasikia." Dirisha lake linaelekea bombani. Hakuna mtu katika nyumba ile aliyejua kwamba bomba letu lina hatua tatu kabla ya kutoa maji, na tumeishi nalo miaka tisa. Jioni moja mjomba wake alichota ndoo kwenye pipa aoshe pikipiki. Mtoto akamwendea, akamwambia kwa adabu kabisa, "Mjomba, samahani, hayo ni ya kesho." Mjomba akayarudisha.

Wakati anatumwa, mtoto huyu alibeba maji mengi kuliko alivyobeba baadaye, na hakuwahi kulisikiliza bomba.

Wenzetu Wakipsigis wa nyanda za juu za magharibi mwa Kenya wana neno kwa jambo hili. Katika miaka ya 1970 watafiti wawili, Sara Harkness na Charles Super, waliishi katika kijiji kimoja huko wakachunguza namna wazazi wanavyowaelezea watoto wao. Walikuta kwamba neno la akili, ng'om, wazazi hulitumia kwa namna mbili. Kuna akili ya shuleni, na kuna akili ya nyumbani. Mwenye akili ya nyumbani ni mtoto anayeona jambo linalotakiwa akalifanya pasipo kuambiwa. Ndama amekatika kamba, yeye amekwishamrudisha. Mtoto mchanga ameamka, amekwishambeba. Naona busara kubwa hapo. Wazee wale hawakuliita jambo hilo utii, waliliita akili. Nasi tunapomsifia mtoto kwa wageni kwamba "huyu ukimtuma anakwenda," tunataja sifa iliyo chini kabisa ya uwezo wake.

Je, tuanze lini? Mapema kuliko mnavyodhani, na kwa vyombo vinavyomtosha. Mkisafiri vijijini angalieni njia ya kisimani. Mtoto wa miaka minne ana kidumu cha lita 3, amekibeba kwa kujivuna. Wa miaka saba ana cha lita 5, wa kumi ana lita 10, na ndoo ya lita 20 iko kichwani kwa dada mkubwa juu ya kata. Hakuna aliyeandika mtaala ule. Bibi zetu walifanya hivyo kwa vibuyu kabla plastiki haijaja. Tarehe 6 Januari 1907 daktari mmoja wa Kiitaliano, Maria Montessori, alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa maskini wa San Lorenzo mjini Roma. Akawatengenezea meza na viti vya kimo chao, akawafundisha kumimina maji, kufagia, kuosha meza, kufunga vifungo. Dunia ikamsikiliza, na ilistahili kumsikiliza. Leo wapo wazazi mijini wanaolipa ada kubwa ili mtoto akamimine maji kutoka jagi kwenda kikombe katika shule yenye jina la mama yule, kisha anarudi nyumbani ambako jagi limewekwa juu ya friji asilifikie. Siwalaumu kwa shule. Nasema lile jagi lishushwe.

Mtoto wa miaka mitatu anaweza kupeleka kikombe chake karoni. Wa mitano achambue mchicha, ajue jani lililoliwa na mdudu. Kukuna nazi huwezekana akiwa na miaka minane hivi, akikalishwa vizuri juu ya mbuzi na kuoneshwa namna ya kuzungusha kifuu ili meno yasifike kwenye ule weusi. Akifika, tui linabadilika rangi, na yeye mwenyewe ataliona kwenye kibia. Moto ni jambo lingine. Jiko la mkaa na sufuria ya uji havina msamaha, na mtoto mdogo asikabidhiwe kuepua. Kwenye moto asimame karibu, atazame kwa miaka, ndipo ashike. Na msimfukuze jikoni kwa kuwa anachelewesha. Atachelewesha. Atamwaga unga na kuvunja sahani, na sakafu aliyoideki itabaki na michirizi. Ukiichukua skwiza ukaipitisha tena mbele yake, umemnyang'anya ulichomkabidhi, naye ameelewa. Subiri atoke. Au iache michirizi, haitamdhuru mtu.

Sasa niseme jambo linalonihusu mimi na walimu wenzangu, na nitalisema kwa uchungu. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea. Wengi tunalikumbuka kama andiko la jembe na shamba la shule. Lakini ndani yake alisisitiza kwamba wanafunzi washirikishwe kuamua mambo ya shamba lile, na maisha yao yaguswe na faida yake na hasara yake. Yaani wakabidhiwe. Tulichofanya katika shule nyingi ni kuchukua jembe tukaacha kukabidhi. Mazao yaliuzwa, mtoto hakujua yamekwenda wapi. Kisha likaja baya zaidi, tukaifanya kazi kuwa adhabu. Umechelewa namba? Kafyeke. Umepiga kelele? Kadeki choo. Nami nimefanya hivyo, miaka mingi, bila kufikiri. Mtoto mwenye tabia njema alikaa darasani na mkosaji akashika ufagio, na darasa zima likajifunza kwa macho kwamba ufagio ni wa waliokosa. Tunashangaa nini akihitimu akiona aibu kushika jembe? Hata nyumbani, mama anaposema "Kwa kuwa umenijibu vibaya utaosha vyombo vyote leo," amefundisha somo hilohilo. Adhabu iwe kitu kingine. Vyombo vioshwe kwa sababu tumekula.

Na vioshwe na nani? Hapa kina baba mnisikilize. Katika nyumba nyingi zetu wa kike anafundishwa nyumba na wa kiume anafundishwa kusubiri sahani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtafiti Carol Ember alikwenda Oyugis, kwa Wajaluo wa Kenya, akawachunguza wavulana ambao, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na msichana wa umri unaofaa, walipewa kazi zilizohesabiwa kuwa za kike. Matokeo aliyachapisha mwaka 1973. Wavulana waliofanya kazi za ndani, kama kupika na kulea mtoto mchanga, walikuwa na ukali mdogo na ubinafsi mdogo kuliko wavulana wenzao. Utafiti mmoja hauamui kila kitu. Lakini mimi nimewaona wavulana kama hao darasani kwangu. Aliyezoea kumbeba mdogo wake anayelia anajua kusoma uso wa mtu. Na ipo sababu nyepesi zaidi ya hiyo: mwanamume asiyeweza kujipikia atamtegemea mtu maisha yake yote, awe mama, mke au mama lishe, na hilo tusiliite heshima ya mwanamume.

Niliahidi kurudi kwa yule aliyeinamia beseni. Katika nyumba nyingi za mjini ni dada wa kazi. Wengine ni watu wazima wenye mkataba na mshahara wao, na kazi yao ni ya heshima. Lakini wote tunajua kwamba wapo wanaotoka kijijini wakiwa na miaka 12 au 13. Analala wa mwisho, anaamka wa kwanza, anamfulia soksi mtoto wa rika lake. Sheria yetu ya Mtoto, Namba 21 ya mwaka 2009, inamtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kazi inaruhusiwa kuanzia miaka 14 tu, tena iwe nyepesi, isiyomdhuru wala kumzuia kwenda shule. Sheria hiyohiyo inampa mtoto wajibu wa kusaidia familia yake, kama ulivyofanya Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto wa mwaka 1990 katika ibara ya 31. Waliouandika mkataba ule hawakuona mgongano kati ya haki na wajibu. Sisi katika nyumba zetu tumevitenganisha: mtoto mmoja tumempa haki zote, na mwingine, chini ya paa lilelile, tumempa wajibu wote. Wote wawili wanaharibika. Mmoja hajui kufua shati, mwenzake hajui kusoma maandishi kwenye mfuko wa sabuni. Binafsi naona hakuna aibu kubwa kuliko hii katika malezi ya mjini, na haitaondoka hadi kila mtoto wa nyumba afue soksi zake.

Mtaniuliza kuhusu muda. Mtoto anatoka shule saa kumi, ana masomo ya ziada, ana mtihani wa taifa. Nimewaandaa watoto kwa mtihani huo mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Nusu saa kwa siku haijawahi kumfelisha mtu, na televisheni inachukua zaidi ya hiyo. Mwanafunzi wa darasa la saba akabidhiwe jambo moja tu, lakini liwe lake kabisa. Kwa mfano maharage ya Jumapili: kuyachambua na kuyaloweka Jumamosi usiku, kujua mkaa upo, kuyainjika mapema ili yaive kabla ya saa saba. Akisahau kuloweka, siku hiyo mtakula mmechelewa na mtatafuna zaidi. Kuleni. Msimlipe fedha kwa kazi hizi, maana siku akiwa na fedha zake atawaambia leo hahitaji. Anatandika kitanda chake kwa kuwa amekilalia.

Mjukuu wangu wa maji sasa yuko kidato cha pili, bwenini. Alipoondoka nilitaka kuirudisha sufuria ile jikoni, nikakuta mdogo wake wa kike, yule aliyewahi kupanguswa kwa kitambaa, ameshaiondoa mwenyewe na mahali pake ameweka sinia. Anasema sufuria ilifaa kwa sikio la kaka, aliyelala karibu na bomba. Yeye analala chumba cha nyuma, na sinia linalia zaidi.